Nani Alitoboa Siri ya Rivanee?

Kila alipotoka shuleni, kabla hajavua viatu, Askari alikagua nyumba. Aliangalia nani amekaa kwenye benchi la wateja, chanuo gani limehama mahali pake, na kwa nini mfuniko wa sufuria umekaa upande. Jina hilo la Askari alibandikwa na baba yake, kwa sababu tangu alipojua kusema alikuwa akiwasimamisha wageni mlangoni na kuwauliza wamebeba nini, wametoka wapi na wataondoka saa ngapi. Wageni walicheka, lakini walijibu. Sasa alikuwa darasa la sita na tabia haijamtoka hata chembe.

Kazi ya kukagua haikuwa ndogo, maana nyumba yao ilikuwa pia mahali pa kazi. Mama yake alikuwa msusi. Chumba cha mbele kilikuwa cha wateja na cha nyuma kilikuwa jiko. Katikati palikuwa na ukuta wa mbao ambao fundi aliukatisha kabla haujafika darini, akidai kuwa hewa nayo inataka kupita. Mama alisukia pale mlangoni kwenye mwanga, redio ikiimba kando ya kiti chake. Waliosubiri zamu walikaa ndani, kwenye benchi lililoegemea ule ukuta wa mbao. Wengi wao walikuwa wajawazito, kwa kuwa mistari midogo ya Mama ilisifika kwa kudumu, na mwanamke anayekaribia kujifungua hataki kuhangaika na kichwa wakati ana mtoto mchanga mikononi.

Mwaka ule Mama mwenyewe alikuwa mjamzito. Askari alikuwa mtoto wa pekee kwa muda mrefu, hata majirani walishaacha kuuliza. Baba akaona amfurahishe bintiye. Akamwambia kwamba jina la mtoto atalitafuta yeye, kwa sharti kwamba liwe la heshima na Bibi aweze kulitamka.

"Jina ambalo bibi yako hawezi kuliita haliingii humu ndani," alisema Baba.

Askari hakutaka jina la kuokota. Darasani kwao wasichana watatu walikuwa na jina moja, na mwalimu aliwatofautisha kwa kuwaita Mrefu, Mfupi na Wa Dirishani. Yeye alitaka mdogo wake aitwe jina ambalo mtu akiliita barabarani, ni mmoja tu atakayegeuka. Basi kila alipoosha vyombo alizipanga na kuzipangua sauti kichwani, hadi siku moja, mikono ikiwa kwenye povu, likamjia lenyewe: Rivanee. Halikuwa na maana yoyote aliyoijua, ila lilikuwa na utamu. Lilitamkwa kwa mteremko mmoja, kisha mwisho wake ukavutwa, kama unapomwita mtu aliye ng'ambo ya uwanja.

Baba alilipenda, na Mama alilipenda. Kizungumkuti kikawa kwa Bibi. Bibi, mama mzaa mama, alikuwa ameagana na meno yake ya mbele ya juu, na kila alipojaribu jina lile lilitoka "Riwani". Askari hakukata tamaa. Kila jioni walipokuwa jikoni wakichambua maharage alimfundisha, naye alilazimika kupaza sauti kwa sababu masikio ya Bibi yalishaanza kuchoka pia. Mwishowe wakapata ujanja. Bibi angesema "Ri", angetua kidogo ili auweke mdomo wa chini chini ya ufizi, halafu angeachia "vanee". Ri... vanee. Lilichelewa kidogo njiani, lakini lilifika salama. Walilirudia jioni baada ya jioni, Bibi akicheka na Askari akimkaripia kwa upole, hadi likakaa.

Askari aliapa kwamba siri hiyo haitatoka nje ya familia mpaka mtoto azaliwe. Kisha, kama wafanyavyo wote wanaoapa hivyo, akamwambia rafiki yake.

Rafiki huyo aliitwa Chiriku, na jina lilimstahili. Alianza kusema tangu lango la shule na hakunyamaza hadi kengele ya kwanza, tena kwa haraka, akimeza miisho ya maneno ili awahi yanayofuata. Walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Askari alimwapisha kwanza, ndipo akamnong'oneza.

"Rivane," alisema Chiriku.

Askari alimsahihisha. Chiriku akarudia vilevile, mwisho ukiwa umemezwa kama kidonge. Alijaribu tena na tena, wapi. Akasema jina ni zuri hata hivyo, na kwamba yeye hatasema kwa mtu.

Mtoto alizaliwa, akawa wa kike, akaitwa Rivanee. Askari alitembea mtaani kifua mbele, na fahari hiyo ilidumu hadi siku ya kumpeleka mtoto zahanati kupimwa uzito.

Siku hiyo shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Askari alimfuata Mama akiwa amebeba mfuko wa nepi. Chumba kilijaa akina mama. Muuguzi alisimama karibu na mizani, akaita, "Rivanee." Mama akainuka. Mke wa mwoka mikate naye akainuka, na fundi cherehani wa kona ya pili akainuka pia, kila mmoja na mtoto wake kifuani. Muuguzi akauliza kwa utani kama jina hilo siku hizi linagawiwa bure dukani, na chumba kizima kikacheka.

Askari peke yake hakucheka. Mke wa mwoka mikate alikuwa akimwelekeza muuguzi. "Usiliharakishe, dada. Unasema Ri, unatua, halafu vanee. Ndivyo linavyosemwa." Fundi cherehani akaitikia kwa kichwa, kama mtu mwenye haki ya kuitikia. Kisha yule mke wa mwoka mikate akamgeukia Mama na kusema, "Kumbe na nyinyi mmelipenda? Wa kwangu ndiye mkubwa, huyu keshaanza kutabasamu."

Maneno hayo yalimchoma Askari. Jina alilolitunga yeye kwa mikono yenye povu sasa lilikuwa la mtoto wa watu, na mdogo wake ndiye aliyeonekana mwigaji. Alijipenyeza hadi kwa mke wa mwoka mikate, akamuuliza kwa heshima jina hilo amelipata wapi. Mwanamke yule alikuwa akihangaika kumvua mtoto nguo, akajibu kwamba alilisikia tu mahali wakati wa mimba, likamkaa, na tena linavuma siku hizi. Mama yake Askari alicheka tu. Alisema jina zuri halina mwenyewe. Lakini Askari hakuwa mtu wa kuliacha jambo lipite bila kuulizwa limetoka wapi.

Njia nzima ya kurudi nyumbani aliwakagua watu kichwani mwake. Baba hakuwa mtu wa umbea; akiwa kazini habari zake zilikuwa mpira na bei ya vipuri. Mama angekuwa amesema, angekiri palepale zahanati. Bibi miguu ilimuuma na hakutoka nje ya uzio. Akabaki mmoja tu, mwenye mdomo usiojua kufungwa, ambaye kila asubuhi alipita kununua mkate kwa mwoka mikate.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alijiambia, na moyo wake ukawa mzito.

Hakumwuliza Chiriku waziwazi. Askari hodari hatangulizi kelele, hutangulia kuweka mtego. Shule zilipofunguliwa alimnong'oneza rafiki yake siri ya uongo, kwamba familia yao itahamia mji mwingine baada ya mtihani. Kisha akatega masikio. Alisikiliza bombani, akasikiliza kwenye foleni, akachelewa kwa makusudi karibu na duka la mikate. Siku zikapita na hakuna aliyemwuliza habari za kuhama. Mtu mwingine angesema, basi, rafiki yangu hana kosa. Askari alisema, ameshtukia mtego. Mwenye dhana mbaya hakosi ushahidi. Hata akiukosa, huo ukosefu wenyewe huugeuza kuwa ushahidi. Chiriku akicheka, Askari aliona anamcheka yeye. Akinyamaza, aliona anaficha jambo. Siku moja alifika na mkate bado wa moto, na huo nao Askari aliutazama kama mtu anayetazama kitu cha wizi.

Wakati huohuo mwalimu wa darasa alitangaza kwamba wanafunzi watachagua mtu wa kutunza ufunguo wa kabati la vitabu. Chiriku aliutaka ufunguo ule kupita kiasi. Kwao hapakuwa na kitabu hata kimoja, na mshika ufunguo aliruhusiwa kuazima kitabu cha kwenda nacho nyumbani kila jioni. Alishamwambia kila mtu, na kila mtu alishakubali. Mwalimu akauliza kama kuna mwenye neno.

Askari akainuka.

"Mtu asiyeweza kutunza siri hawezi kutunza ufunguo," alisema. "Nilimwambia siri ya nyumbani kwetu, akaisambaza mtaa mzima."

Darasa likaguna. Mwalimu alijaribu kuuliza zaidi, lakini mikono ilipoinuliwa, ufunguo ulikwenda kwa mwingine. Chiriku alikaa akiitazama meza. Wakati wa mapumziko ndipo alipomfuata Askari nyuma ya darasa, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alisema polepole.

"Shangazi yangu alijifungua mwezi uliopita. Mtoto wa kike. Nyumba nzima walikuwa wanatafuta jina, wakaniuliza na mimi. Nilikuwa na zuri kuliko yote, nikanyamaza, kwa sababu nilikuahidi."

Askari alijibu kwamba maneno ni rahisi. Baada ya mapumziko Chiriku alichukua mkoba wake akahamia dawati la mbele.

Siku zilizofuata Askari aliona kumbe dawati la watu wawili ni kubwa sana kwa mtu mmoja. Hapakuwa na wa kumsimulia habari za mtaa, wala wa kumgusa kiwiko mwalimu alipogeuka. Alijiambia kwamba ameshinda. Ila ushindi ule haukuwa na ladha, na chakula cha jioni nacho kikawa hivyohivyo.

Ikawa jioni moja wateja wamezidi. Mama akamwita Askari amsaidie kuchambua nywele za bandia na kuzipanga mafungu mafungu, akamwonyesha akae palepale kwenye benchi la wateja. Askari hakuwa amezoea kukaa hapo. Kwa miaka yote alipita tu, akakagua, akaingia jikoni. Alikaa mwishoni mwa benchi, mgongo ukigusa mbao, kando ya mwanamke mmoja mjamzito aliyekuwa akingoja zamu yake. Kutoka pale, redio ya mlangoni ilisikika kama inanung'unika tu.

Mara sauti ikasema karibu na sikio lake, wazi kabisa, "Ri... vanee."

Askari aligeuka haraka. Hapakuwa na mtu, ila mbao. Nyuma ya mbao zile Bibi alikuwa jikoni akimbembeleza mtoto. "Ri... vanee. Njoo kwa Bibi, Ri... vanee." Sauti ilipanda juu ya ukuta, ikapita kwenye ile nafasi aliyoiacha fundi, ikashuka moja kwa moja juu ya vichwa vya waliokaa kwenye benchi.

Vidole vya Askari vikasimama. Ule mtuo haukuwa wa jina. Ulikuwa wa Bibi, kwa ajili ya meno yake, na waliutunga wao wawili wakichambua maharage. Chiriku hakuwahi kuujua. Mdomoni mwa Chiriku jina lile lilikuwa Rivane, limemezwa mwisho; kama ni yeye aliyelisambaza, mtaa mzima ungekuwa unasema Rivane. Lakini mke wa mwoka mikate alisema, unatua, halafu vanee. Askari aliyasikia hayo zahanati kwa masikio yake mwenyewe, na hakusimama kidogo kuyapima.

Alimgeukia yule mwanamke na kumwuliza kama amewahi kulisikia jina hilo kabla ya leo.

"Mara nyingi mno," alijibu mwanamke yule huku akitabasamu. "Toka mimba yangu ni changa tulikuwa tukikaa hapa tunasikiliza somo. Kuna mtu alikuwa akimfundisha bibi yenu, mwalimu mkali huyo, sauti yake hadi barabarani. Wengine tulikuwa tunarudia kimyakimya. Wangu akiwa wa kike, nami nitamwita hivyo."

Askari aliziweka nywele chini, akaingia jikoni. Alimkuta Bibi ameketi na mtoto magotini. Akamweleza yote: zahanati, mtego, ufunguo, dawati. Hakujitetea. Alipofika kwenye maneno ya Chiriku kuhusu shangazi yake, alishindwa kuendelea, akalia.

Bibi alianza kwa kucheka, kwa sababu hakujua kwamba mtaa mzima ulikuwa ukisoma naye. Halafu kicheko kikaisha, akamvuta mjukuu wake karibu.

"Wahenga walisema, umdhaniaye ndiye, siye. Wewe umekagua midomo ya watu wote, mjukuu wangu, wa kwako ukaupita."

Askari akasema ataandika kikaratasi kesho, amwekee Chiriku kwenye mkoba.

"Hapana," alisema Bibi. "Mtu uliyemchafua hadharani humsafishi uchochoroni. Ulisimama wapi ulipomsema? Basi kasimame hapohapo."

Asubuhi Askari aliomba ruhusa kwa mwalimu, akasimama mbele ya darasa. Alisema kwamba siri aliitoboa yeye mwenyewe, tena kwa kupaza sauti, na kwamba Chiriku aliitunza hata mbele ya shangazi yake. Kuna waliocheka waliposikia habari za Bibi na ufizi wake. Askari aliwaacha wacheke. Mwalimu alimshukuru, akasema uchaguzi ulifanywa kwa neno lisilo la kweli, kwa hiyo utarudiwa. Mikono ilipoinuliwa mara hii, hata yule aliyekuwa na ufunguo aliinua wake kwa ajili ya Chiriku.

Chiriku aliupokea ufunguo bila kumtazama Askari. Hakurudi dawatini siku ile, wala ya pili yake. Askari hakumlaumu. Alijua kwamba kidonda hakiponi kwa sababu tu aliyekichoma ameomba radhi.

Mwisho wa juma mlango wa jikoni ukagongwa. Alikuwa Chiriku, na kitabu kutoka kabatini kikiwa kwapani.

"Nimekuja kumwona mtoto," alisema. "Sijakuja kukuona wewe."

Askari alimpisha. Chiriku akaketi karibu na Bibi, akampokea mtoto, akaanza kumsomea huku akimeza miisho ya maneno kama kawaida yake. "Sikiliza, Rivane. Tazama picha, Rivane." Askari alifungua mdomo amsahihishe, kisha akaufunga. Mtoto alikuwa ametoa macho, akimfuata Chiriku kila alipougeuza uso. Walipomaliza kurasa chache Chiriku aliuliza, bila kuinua kichwa, kama dawati lile bado lina nafasi. Askari alimwambia kwamba lina nafasi kubwa kupita kiasi.

Siku ya mizani iliporudi, walikwenda wote. Akina Rivanee zahanati walikuwa wameongezeka, na muuguzi alikuwa amechoka kuwatenganisha. Aliwauliza wazazi kama kuna mtoto mwenye jina la nyumbani. Askari ndiye aliyejibu.

"Huyu wetu anaitwa Rivane. Fupi."

"Rivane," aliita muuguzi, na aliyeinuka alikuwa Mama peke yake. Chiriku akamtazama Askari, akaanza kucheka, na Askari akacheka naye hadi muuguzi akawaomba wapunguze sauti.

Wakati wa kurudi, Chiriku alitangulia na mtoto, akimsimulia kila nyumba waliyoipita. Mama alitembea nyuma pamoja na Askari.

"Unaona," alisema Mama, "jina wanaweza kuwa nalo watu mia na lisipungue. Rafiki anayekutunzia neno lako huna mia. Siku nyingine ukipata shaka, muulize mtu kwanza, umsikilize, ndipo ufungue mdomo mbele ya watu."

Askari aliitikia, akakaza mwendo ili awafikie wenzake. Walipofika nyumbani aliingia moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza hakukagua chochote.